Bamba na Bawa kwa Maji ya Joto

Kabla hujafungua pochi, nenda kapige mbizi moja na vifaa ulivyovizoea. Ukitoka majini, andika mambo matatu kwenye karatasi: umebeba kilo ngapi za risasi kiunoni, suti uliyovaa ina unene wa milimita ngapi, na mtungi wako ulikuwa wa alumini au wa chuma. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia bamba. Muuzaji hawezi kukuchagulia, na rafiki yako aliyenunua lake mwaka jana hawezi pia, kwa sababu mwili wake si wako na suti yake si yako.

Namwandikia mzamiaji mwenye cheti, aliyekwisha kupiga mbizi ishirini au thelathini kwa jaketi la kukodi huko Mafia, Pemba, Mnemba, Watamu au Diani, na sasa anataka kifaa chake mwenyewe. Kama unazamia mara mbili kwa mwaka, endelea kukodi. Jaketi la kituo linatosha na halina dhambi. Lakini kama bahari imeshakuteka, na hasa kama unaanza kuona aibu mapezi yako yanapogusa matumbawe, basi endelea kusoma.

Bamba ni kipande cha chuma au alumini kinacholala mgongoni, kimekunjwa katikati ili kifuate uti wa mgongo. Bawa ni kibofu cha hewa kinachokaa kati ya bamba na mtungi. Kinachokufunga navyo ni mkanda mmoja wa nailoni wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa kama mita 3.6, usiokatwa popote, unaopita mabegani na kurudi kiunoni, pamoja na mkanda wa pili unaopita katikati ya mapaja. Bizimu ni moja tu, la chuma cha pua, kiunoni. Mpangilio huu ulikomaa kwa wazamiaji wa mapango ya Florida, na mtindo wa mkanda mmoja bado unaitwa kwa jina la kati la mmoja wao, William Hogarth Main. Ndani ya pango hakuna kwenda juu moja kwa moja, kwa hiyo kila kifungo cha plastiki kinachoweza kuvunjika kilionekana kuwa adui, wakakitoa. Sisi hatuna mapango ya namna hiyo kwenye ratiba zetu, lakini faida ya kutoa visivyohitajika imebaki palepale.

Faida yenyewe ni mlalo. Jaketi hujaza hewa kifuani na mbavuni, hukubana, na likijaa hupanda kuelekea masikioni. Sponji zake nazo zinaelea, ndiyo maana unaongezewa risasi za kuzizamisha. Risasi zikiwa kiunoni na hewa ikiwa kifuani, miguu inashuka na mwili unasimama kama mtu anayepanda ngazi. Kila teke unalopiga linarusha mchanga au linapiga tumbawe. Bawa huweka hewa mgongoni, bamba huweka uzito karibu na mapafu, na mwili unalala kama ngalawa iliyopakiwa sawasawa.

Hesabu ya uzito

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza fedha zao na wakati mwingine usalama wao.

Mtungi wa alumini unaoukuta katika vituo vingi vya pwani yetu una ujazo wa lita 11.1, ingawa wengi huuita mtungi wa lita 12. Ukijazwa hadi bar 200 unabeba hewa ya karibu kilo 2.6. Ndiyo, hewa ina uzito: lita elfu moja zina kilo 1.2 hivi. Mtungi huo ukiwa umejaa huzama kidogo tu baharini, pungufu ya kilo moja. Ukiwa mtupu huelea kwa karibu kilo 2. Kwa hiyo unapoanza kuzamia u mzito kuliko utakavyokuwa unapomaliza, na risasi zako ni lazima zipimwe kwa ajili ya mwisho, pale unaposimama mita 5 ukiwa na bar 50 na hutaki kupaa kama puto.

Sasa suti. Mpira wa suti umejaa vipovu vya gesi, na vipovu hivyo hubanwa na maji. Mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na vipovu hubaki nusu. Mita 30, hubaki robo. Suti ya milimita 5 iliyokuinua kwa kilo 3 au zaidi ukiwa juu ya maji inakuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo unapofika chini ya ukuta wa Misali, huko Pemba. Uzito uliokuwa sawa juu unakuwa mwingi chini, na bawa ndilo linalolipa tofauti.

Chukua mfano wa mtu anayebeba kilo 6 za risasi na jaketi, suti ya milimita 5, mtungi wa alumini. Akinunua bamba la chuma cha pua lenye unene wa milimita 3, ambalo uzito wake ni kama kilo 2.5, ndani ya maji litamzamisha kwa kilo 2.2 hivi. Amevua pia jaketi lililokuwa likielea, pengine kwa kilo nzima. Basi anabaki na takriban kilo 3 za risasi. Kiuno kimepumua, mgongo umelala, na bado ana risasi za kutupa akipata dharura. Kwa mtu huyu bamba la chuma ni chaguo sahihi, sina shaka nalo.

Mwingine anazamia Kaskazi, maji yako nyuzi 28 au 29, amevaa suti nyembamba ya kaptura, na kilo zake ni 2. Huyu akichukua bamba la chuma atakuwa hana risasi hata moja ya kutupa, na pengine atakuwa amezidi. Achukue la alumini: bamba la kiasi cha gramu 900, ambalo majini huzamisha kwa nusu kilo tu. Abaki na risasi chache anazoweza kuziachia. Bamba huwezi kulitupa. Limefungwa na uhai wako wote, ikiwemo regulata unayovutia hewa. Hilo ulikumbuke kila unapoona bamba nene la kilo 5 likiuzwa kwa bei nzuri. Hilo ni la watu wa maji baridi na suti kavu.

Na mtu akisafiri kwenda Ulaya ajue kwamba huko mitungi ya chuma ni ya kawaida, na mingi huzama hata ikiwa mitupu. Bamba la chuma, mtungi wa chuma na suti nyembamba vikikutana kwa mtu mmoja, mtu huyo ana mzigo ambao bawa likipasuka hataweza kuunyanyua kwa mapezi. Kipimo changu ni hiki: mwanzo wa mbizi, mtungi ukiwa umejaa na bawa likiwa halina hewa, je, unaweza kuogelea kwenda juu? Kama huwezi hata baada ya kutupa risasi, badilisha kitu.

Bawa la ukubwa gani?

Mabawa hupimwa kwa kilo yanazoweza kuinua. Fanya hesabu mbili. Ya kwanza: hewa ya mtungi, kilo 2.6, jumlisha nguvu inayopotezwa na suti chini, tuseme kilo 3. Hiyo ni karibu kilo 6. Ya pili: bawa lazima liweze kuelesha vifaa vyote peke yake ukivivua juu ya maji. Bamba kilo 2.2, mtungi uliojaa kiasi cha kilo 1, regulata kilo 1, risasi kilo 3 ukizifunga kwenye bamba: kilo 7 na ushei. Chukua kubwa kati ya hizo mbili, ongeza akiba. Bawa la kilo 13 hadi 15 linatosha kabisa kwa mtungi mmoja katika maji yetu.

Mbona basi watu wananunua la kilo 25? Kwa sababu kubwa huonekana salama. Bawa la namna hiyo limetengenezwa kwa mitungi miwili. Ukilifunga kwenye mtungi mmoja, pande zake hujikunja juu na kuuzunguka mtungi kama chapati iliyokunjwa, hewa inanaswa kwenye mikunjo, na unapotaka kuitoa haitoki. Unapaa huku umebonyeza kitufe cha kutolea. Nimeona hilo likimtokea mtu kwenye mchanga wa mita 8, na tulishukuru ilikuwa mita 8.

Umbo la duara lililo wazi katikati nalipendelea kuliko la kiatu cha farasi, kwa mtungi mmoja. Hewa inazunguka na kukufikia upande wowote ulioinamia. Kibofu kimoja kinatosha. Bawa la vibofu viwili ni uzito na mipira ya ziada ambayo mzamiaji wa maji ya joto hana kazi nayo, maadamu hesabu ya uzito imekaa sawa.

Kwa upande wa bamba lenyewe, pitisha kidole kwenye kingo za mianya ya mkanda. Ikikwaruza ngozi itakula nailoni. Matundu ya bolti yako umbali wa sentimita 28 kati ya la juu na la chini kwa karibu watengenezaji wote, kwa hiyo bamba la kampuni moja hupokea bawa la kampuni nyingine. Hii ni neema kwa anayenunua vitu vilivyotumika: bamba la mtumba nunua bila hofu, maana chuma cha pua hakizeeki upesi, bawa la mtumba lijaze hewa jioni, liache mpaka asubuhi, na likilegea lirudishe. Uliza pia kama bawa lina mianya ya kupitishia mikanda miwili ya mtungi moja kwa moja. Likiwa nayo, huhitaji kile kipande cha chuma cha kuunganishia mtungi, na umepunguza uzito mizigoni. Ndege ndogo za kwenda Mafia na Pemba kwa kawaida hukuruhusu kilo 15 tu.

Jioni ya kufunga mikanda

Tenga jioni nzima. Bamba lililonunuliwa kwa fedha nyingi na kufungwa kwa dakika kumi ni mateso ya mgongo.

Tafuta katikati ya ule mkanda mrefu, uweke alama kwa kalamu, na alama hiyo ikae katikati ya sehemu ya juu ya bamba, nyuma ya shingo. Pitisha ncha mbili kwenye mianya ya juu zije mabegani, kisha zishuke, ziingie mianya ya chini pembeni na kutokea kiunoni. Ncha ikikataa kupita, ikate mshazari na uichome kidogo kwa kiberiti, itateleza. Usisahau kuvisha pete na vibanio vyake njiani, la sivyo utaanza upya.

Vaa suti ile ile unayozamia nayo, kisha vaa bamba bila mtungi. Peleka mkono juu ya bega kama anayejikuna mgongo: vidole viguse ukingo wa juu wa bamba. Visipofika, bamba liko chini mno na koki ya mtungi hutaifikia kamwe. Pitisha kiganja bapa chini ya mkanda kifuani. Kipite bila kulazimisha. Kosa la karibu kila anayeanza ni kukaza mabega mno, kwa kudhani kukaza ndiko kunakozuia bamba kucheza. Kazi hiyo ni ya mkanda wa kiuno na wa mapajani. Mabega yakiwa huru kidogo, kiwiko kinajikunja na mkono unatoka. Yakikazwa, utabaki kwenye ngazi ya boti ukisaidiwa kama mgonjwa. Mwenye bega lililowahi kuumia anaweza kuweka kifungo cha kufungua bega la kushoto. Sitamlaumu.

Pete za kifuani zikae usawa wa makwapa au vidole viwili chini yake, mahali ambapo dole gumba la mkono wa upande uleule linaifikia pete bila kutafuta. Pete moja ikae kiunoni kushoto, juu ya mfupa wa nyonga. Hapo geji inapachikwa na haikokoti juu ya matumbawe. Bizimu likae kidogo kulia kwa kitovu, ili kitanzi cha mkanda wa mapajani, ambacho mkanda wa kiuno hupita ndani yake, kisije kulifungua kwa bahati mbaya. Mkanda wa mapajani uwe mfupi kiasi kwamba mtu akikunyanyua kwa ukingo wa juu wa bamba halipandi kuelekea kisogoni, na mrefu kiasi kwamba unaweza kuchuchumaa. Upo wa sentimita 5 na upo wa sentimita 2.5, jaribu yote miwili ukiweza, maana miili inatofautiana.

Ncha za mkanda wa kiuno usizikate bado. Zikunje, zifunge kwa kipande cha mpira, na uziache hivyo kwa mbizi kumi za kwanza. Nailoni hunyooka kidogo ikilowa, na wewe mwenyewe utabadilisha mawazo. Mkanda uliokatwa haurefuki.

Mpira wa kujazia hewa ufupishwe kadiri bawa linavyoruhusu, ushikwe begani kushoto na kamba nyembamba ya kunyumbulika. Regulata ya akiba ivishwe kitanzi cha kamba hiyohiyo na ining'inie chini ya kidevu, ambako unaidaka kwa mdomo hata mikono ikiwa na kazi.

Kwenda majini

Lowesha mikanda ya mtungi kabla ya kuikaza. Ikikazwa mikavu italegea majini na mtungi utateremka. Kisha jaza bawa mpaka vali ya usalama ilie, sikiliza, toa hewa kwa kamba ya vali ya chini mgongoni, jaza tena kwa mdomo. Mweleze mwenza wako kwamba mabegani hakuna kifungo cha kufungua. Bizimu ni moja, na ikibidi, mkanda unakatwa kwa mkasi wa mbizi.

Mbizi ya kwanza iwe kwenye mchanga, mita 5. Kama unaanzia bwawa la kuogelea Dar es Salaam au Mombasa, vizuri, ila kumbuka maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi kwa asilimia 2.5 hivi: mtu na vifaa vyake wenye jumla ya kilo 100 watahitaji karibu kilo 2.5 zaidi baharini. Kipimo cha bwawani kirudiwe chumvini.

Ukifika mchangani, tulia, kunja mikono kifuani, acha kupiga mapezi, hesabu hadi ishirini. Miguu ikishuka, panda juu, legeza mikanda ya mtungi na usogeze mtungi sentimita 3 kuelekea kichwani, au hamishia risasi kilo 1 kwenye mkanda wa juu wa mtungi. Kichwa kikishuka, fanya kinyume. Rudia. Mbizi nzima ikiishia kwenye marekebisho haya hujapoteza kitu. Mwishoni, mtungi ukiwa na bar 50, toa hewa yote ya bawa na uone kama unasimama mita 5 kwa pumzi ya kawaida. Ukizama una risasi nyingi. Toa kilo moja moja.

Juu ya maji bawa lina tabia ambayo watu wa jaketi huilalamikia: ukilijaza sana linakusukuma uso mbele. Basi usilijaze sana. Weka hewa ya kutosha kidevu kitoke, kisha egemea nyuma kama uliye kwenye kiti cha uvivu, mtungi ukae chini yako.

Kwenye mashua zetu nyingi vifaa huvuliwa majini na kupokelewa juu. Fungua bizimu, acha mkanda wa mapajani uanguke, toa mkono wa kushoto kwanza, kwani mpira wa regulata unakuja kutoka kulia. Na kabla hujaingia majini, zungumza na anayepokea. Mikono yake imezoea majaketi, na atashika kinachojitokeza, ambacho mara nyingi ni mpira wa kujazia. "Kaka, shika bamba hapa juu, usishike mpira." Sentensi hiyo imeokoa mabawa mengi.

Jioni, mimina maji matamu ndani ya kibofu kupitia mdomo wa kujazia, tikisa, geuza, mwaga, kisha likaushe kivulini likiwa na hewa kidogo. Chumvi iliyokauka ndani ina kona kali kama kioo.

Ukiwasili kisiwani na bamba jipya, usimfiche kiongozi wa mbizi. Mwambie ni mara ya kwanza, na muombe hiyo mita 5 ya mchanga kabla hajakupeleka ukutani.